Fumbo hili ni la Afrika Mashariki ipi?

MWEZI uliopita dada yangu aliyeolewa Kigoma alinitumia sufuria mbili kwa gari la abiria linalopitia Manyovu. Sufuria zilifika salama, zimefungwa kwa kurasa za gazeti la Kiswahili la Julai mwaka jana. Mke wangu akachukua sufuria, mimi nikachukua gazeti. Ndiyo tabia yangu tangu utotoni, na wanaonifahamu wameshaacha kunicheka.

Ndugu msomaji, katika kurasa zile nilikuta fumbo la maneno la visanduku kumi na tatu kwa kumi na tatu, lililotungwa kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa Julai 7. Lilikuwa fumbo lenye mada. Juu yake waliandika kwa herufi kubwa kwamba linahusu Afrika Mashariki yetu. Majibu yalichapwa chini ya ukurasa, yamepinduliwa kichwa chini ili mtu asiyaone kwa bahati mbaya. Jina la gazeti silitaji, kwa kuwa kosa nitakalolieleza si la gazeti hilo peke yake, na sehemu yake moja ni kosa langu mwenyewe.

Nianze kwa kueleza kwa nini mtu mzima mwenye watoto wanne ahangaike na fumbo la gazeti kuukuu.

Mimi nilizaliwa Katumba, karibu na Mpanda nchini Tanzania, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Nyumbani tulizungumza Kirundi, shuleni Kiswahili. Jioni bibi yangu alituambia "Sokwe!", nasi tukaitikia "Niruze!", akatutegea fumbo la Kirundi. Asubuhi mwalimu alituambia "Kitendawili!", tukaitikia "Tega!" Tukishindwa, mwalimu alisema, "Nipeni mji," nasi tukampa Tabora au Mwanza, miji ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Nakumbuka siku moja mtoto mmoja alimpa Bujumbura. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huo siuchukui, utauhitaji mwenyewe."

Magazeti hayakuletwa Katumba ili tuyasome. Yalikuja yakiwa yamefungia sukari, chumvi na maandazi. Mimi nilikuwa nikiyanyoosha kwa kiganja na kutafuta ukurasa wa chemsha bongo. Mara nyingi mtu alikuwa ameshajaza nusu kwa kalamu, na mara nyingine mafuta ya maandazi yalikuwa yamefuta vidokezo. Lakini hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno lina mwili: lina urefu, lina herufi ya kwanza na ya mwisho, na haliingii mahali lisipotosha. Vitabu vya darasani tulivishirikiana watoto watano kwa kimoja. Fumbo lilikuwa langu peke yangu.

Basi nilipopata fumbo lile la sufuria, nililinakili ubaoni na kuligawa kwa wanafunzi wangu wa darasa la nane hapa Rumonge, makundi ya watoto wanne wanne. Nikasema kundi litakalomaliza kwanza litasamehewa kufagia darasa wiki nzima. Nikayaficha majibu mfukoni.

Kwanza nitoe sifa panapostahili. Mtunzi wa fumbo lile si mtu wa kubahatisha. Kidokezo chake cha 4 wima kilisema: "Hupandwa bila jembe wala mbegu." Visanduku vitano. Watoto wangu walihangaika na mihogo na migomba hadi mmoja alipopiga meza na kusema, "Mlima!" Darasa zima likacheka. Hicho ni kidokezo cha Kiswahili hasa. Hakikutafsiriwa kutoka popote, kwa sababu ni Kiswahili chenyewe kilichoamua kwamba mbegu hupandwa na mlima pia hupandwa. Kingine kilisema: "Wa pwani hutembea upande, la jikoni huwaka, mgeni akifika huambiwa." Visanduku vitatu: KAA. Mtu anayeweza kuandika hivyo ana sikio. Ndiyo maana namdai zaidi.

Sasa nije kwenye dosari, na nizitaje moja moja kama mtu anayesahihisha daftari.

Ya kwanza ni ya herufi. Kiswahili tunakiandika kwa herufi za Kilatini, lakini kina sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, ny, dh, th, gh, na ile ng' yenye alama ya ritifaa. Anayetunga fumbo lazima aamue tangu mwanzo kama sauti hizo zinakaa kisanduku kimoja au viwili. Uamuzi wowote unakubalika ili mradi ushikwe hadi mwisho. Katika fumbo lile CHAI ilichukua visanduku vinne, yaani C peke yake na H peke yake. Lakini NG'OMBE ilichukua visanduku vitano, NG' ikiwa imebanwa kisanduku kimoja. Mtoto anayehesabu visanduku atajuaje? Hii ni sawa na muuza duka anayepima sukari kwa kilo asubuhi na kwa kopo jioni.

Ya pili ni ya mji. Kidokezo cha 11 mlalo kilisema: "Mji mkuu wa Burundi." Watoto wangu hawakufikiri hata dakika moja, wakaandika GITEGA. Kisha kimya. Visanduku vilikuwa tisa, wamejaza sita, vitatu vimebaki wazi. Jibu lililokuwa mfukoni mwangu lilikuwa BUJUMBURA. Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa nchi hii tangu mwaka 2019, na Bujumbura umebaki kuwa mji wa biashara. Mtoto mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, labda mtunzi hajaambiwa."

Ningelisamehe hilo kwa urahisi kama si kidokezo cha 20 wima: "Makao makuu ya serikali ya Tanzania." Jibu: DODOMA. Sahihi kabisa. Tanzania iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na sheria ya kuutangaza mji huo kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka 2018. Mtunzi alijua kwamba nyumba yake imehama. Ya jirani yake, iliyohama mwaka mmoja baadaye, hakuwa na habari nayo.

Ya tatu ni ya hesabu, na hii ndiyo iliyonifanya nikae macho usiku. Kidokezo kilisema: "Idadi ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki." Visanduku vinne. Watoto waliandika NANE. Herufi ya kwanza ilikatizwa na neno la wima SUKARI, kwa hiyo ilipaswa kuwa S, na NANE ikakataa kuingia. Jibu la gazeti lilikuwa SITA.

Hebu tuhesabu pamoja. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulipoanza kutumika Julai 7, 2000, wanachama walikuwa watatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2007 zikaingia Burundi na Rwanda, wakawa watano. Mwaka 2016 ikaingia Sudan Kusini, wakawa sita. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, saba. Mwaka 2024 Somalia ikakamilisha uanachama wake, nane. Sasa angalia, ndugu msomaji: TATU, TANO, SITA, SABA, NANE. Kila neno lina herufi nne! Historia yote ya Jumuiya hii inaingia katika visanduku vinne vilevile, na kila mara mgeni anapoingia, visanduku havibadiliki, hubadilika herufi tu. Mtunzi mwenye sikio kama la huyu bwana angeweza kutengeneza kitu cha kukumbukwa kwa maneno hayo. Angeongeza mwaka tu katika kila kidokezo. Badala yake alichukua, nadhani, fumbo la miaka ya nyuma akalipiga vumbi na kulichapa upya. Mtoto wa Goma au wa Mogadishu akilijaza, atagundua kwamba kwenye fumbo la Afrika Mashariki yetu yeye bado hajazaliwa.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshatuonyesha kwamba mada katika fumbo si pambo. Novemba 5, 1996, siku ya uchaguzi wa rais nchini Marekani, gazeti la New York Times lilichapa fumbo lililotungwa na Jeremiah Farrell. Katikati kulikuwa na kidokezo kuhusu habari kuu ya gazeti la kesho yake, na jibu lilikuwa jina la mshindi pamoja na neno la kuchaguliwa kwake. Kura zilikuwa bado zinapigwa. Wasomaji wengi waliona CLINTON anaingia sawasawa, wakakasirika kwamba gazeti limetangaza mshindi kabla ya wakati. Kumbe BOBDOLE naye alikuwa na herufi saba, na maneno yote saba ya wima yaliyopita hapo yalikuwa na majibu mawili halali. Kidokezo kimoja, kwa mfano, kilihusu mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween. Kwa Kiingereza paka ni CAT na popo ni BAT, na wote wawili wanafaa. Aliyeanza na C alikwenda kwa Clinton, aliyeanza na B alikwenda kwa Dole. Yule mtunzi alijua kwamba wasomaji wake hawako upande mmoja, akamjengea kila mmoja njia yake.

Uingereza nako, Januari 2013, mchungaji mzee John Graham, aliyetunga mafumbo katika gazeti la The Guardian kwa jina la Araucaria, aliwaambia wasomaji wake kwa njia ya fumbo kwamba anaumwa saratani ya umio. Waliojaza visanduku ndio walioipata habari, herufi kwa herufi. Alifariki Novemba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 92. Mtu hawezi kuwaamini wasomaji kwa habari ya namna hiyo kama hajui ni akina nani. Aliwajua, nao walimjua.

Narudi darasani kwangu, kwa sababu dosari ya nne ndiyo iliyonigusa mimi mwenyewe.

Kidokezo cha 17 mlalo kilisema: "Samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, huvuliwa usiku kwa taa." Visanduku vitano. Jibu: DAGAA. Makundi mengi yaliandika hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha neno hilo. Lakini katika kundi moja kalamu ilishikwa na binti wa mvuvi, mtoto mpole anayekaa karibu na dirisha. Aliandika NDAGALA. Neno hilo lina herufi saba. Alichofanya ni hiki: ND aliibana katika kisanduku cha kwanza, kisha akaona bado hapatoshi, akachora kisanduku kimoja cha ziada juu ya kile cheusi kilichofuata, na A ya mwisho akaiweka humo.

Nilipopita na kalamu yangu nyekundu, nikapiga mstari. Nikasema, "Mwanangu, Kiswahili sanifu ni dagaa. Na kisanduku cheusi hakiandikwi."

Akasimama, maana watoto wetu husimama wakizungumza na mwalimu, akasema, "Mwalimu, NG' imekaa kisanduku kimoja kwenye ng'ombe. Nami nikaweka ND kisanduku kimoja. Na baba yangu anavua ndagala, havui dagaa."

Nikamwambia aketi. Kengele ikalia. Nikaenda nyumbani nikiwa nimeudhika, na sikujua nimeudhiwa na nani.

Usiku ule nililitandaza fumbo mezani nikalisoma upya kama mkaguzi. Nikaona kwamba mtoto alikuwa na hoja kwa kila hatua. ND katika kisanduku kimoja: ameiga kanuni ya mtunzi mwenyewe. Kisanduku cha tano, pale ambapo yeye aliandika L na gazeti lilitaka A: hakikukatizwa na neno lolote la wima. Mafumbo yanayofuata mtindo wa Uingereza huacha visanduku vingi bila kukatizwa. Yale ya Marekani hutaka kila herufi ipitiwe na maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima, ili aliyekosea hapa aokolewe pale. Katika fumbo letu, palipokuwa na neno lenye majibu mawili, mtunzi hakuweka neno la kumwokoa mjazaji. Na kidokezo chenyewe kinasema "Ziwa Tanganyika". Ziwa hilo ni la nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Kidokezo kimetaja ziwa zima, jibu limetoka ufuko mmoja.

Wala usiseme mtunzi hakujua jinsi ya kufanya haki. Kidokezo cha 23 wima kilisema: "Samaki maarufu wa Kigoma." Visanduku saba. Hapa Rumonge samaki huyo tunamwita mukeke, herufi sita. Lakini kwa kuwa kidokezo kilitaja Kigoma, watoto wenye ndugu ng'ambo waliwaambia wenzao, wakaandika MGEBUKA bila ubishi. Neno moja tu, "Kigoma", lilitosha. Hakuna aliyeona amedharauliwa. Wamejifunza jina la jirani, na la kwao limebaki salama.

Na mimi je? Nilikumbuka mwaka 2008, niliporudi nchini na cheti changu cha Tanzania katika mfuko wa nailoni. Nilikwenda ofisi moja kuomba kazi ya ualimu. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika lugha unazozijua. Niliandika Kirundi, Kiswahili, Kiingereza. Karani akaipokea fomu, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya Kiswahili. "Hiyo ni lugha ya sokoni," alisema. "Kifaransa chako kiko wapi?" Nilikuwa sina. Ilinichukua miaka mitatu ya masomo ya jioni kukipata, huku nikiuza mawese mchana.

Wakati ule kumwita mtu "Mswahili" katika sehemu nyingi za nchi yetu halikuwa jina la sifa. Lilimaanisha mtu wa mjini, mjanja, asiyeaminika. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tuliipata hiyo kwa wingi. Siku hizi hali imebadilika. Kiswahili kinafundishwa shuleni, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikikubali kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya. Mimi niliyepigiwa mstari ndiye ninayelipwa mshahara kukifundisha. Na siku ile, kwa kalamu nyekundu, nilimfanyia binti wa mvuvi kile nilichofanyiwa na karani.

Wapo watakaosema: Mwalimu, unatia chumvi, fumbo ni mchezo tu. Ni kweli ni mchezo. Lakini katika gazeti zima, huo ndio ukurasa pekee ambapo msomaji anaombwa ashike kalamu. Kurasa nyingine zote anaambiwa, hapa anaulizwa. Kwa mtoto anayesoma lugha ya tatu au ya nne, kuulizwa ni jambo kubwa. Akijibu kile anachokijua kwa macho yake na kuambiwa hakipo, hataandika barua kwa mhariri. Ataiweka kalamu chini.

Wapo pia watakaosema kwamba tukiruhusu kila neno la kila ufuko, Kiswahili kitakuwa kachumbari. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu mimi ni mtu wa Kiswahili sanifu. Sanifu ndiyo inayomwezesha mtoto wa Rumonge kusoma gazeti la Mombasa. Lakini tukumbuke sanifu ilitoka wapi. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja ilikuwa ya nchi nne zilizokuwa chini ya Mwingereza: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Burundi na Rwanda zilikuwa chini ya Mbelgiji, na Kongo vilevile. Kiswahili kilikuwa kinazungumzwa Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, lakini mezani hatukuwepo. Sisemi tuipasue meza. Ninachosema ni kwamba anayeandika "Afrika Mashariki yetu" juu ya fumbo ajue kwamba neno "yetu" limeongezeka watu.

Kwa hiyo naomba mambo manne kwa wahariri wa kurasa za chemsha bongo, na hakuna hata moja linalogharimu fedha.

Mosi, chagueni kanuni moja ya ch, sh, ng' na wenzao, muiandike juu ya fumbo, muishike. Pili, fumbo lenye mambo ya nchi na miji lisomwe upya siku ya kuchapwa, si siku ya kutungwa. Tatu, panapokuwa na majina mawili ya kitu kimoja, kidokezo kitaje mahali: kwa Kigoma, kwa Lamu, kwa Bukavu. Kama hamtaki kutaja mahali, basi wekeni neno la wima litakaloamua. Nne, kabla ya kuchapa fumbo la eneo zima, mpeni mtu mmoja wa nje ya nchi yenu alijaze. Mtu mmoja tu. Angewaambia habari za Gitega kabla chai haijapoa.

Na sisi walimu tusikae tukisubiri. Mwaka 1944, wiki chache kabla ya majeshi kuvuka kwenda Ufaransa, maneno ya siri ya operesheni ile kama Utah, Omaha na Overlord yalionekana katika mafumbo ya gazeti la Daily Telegraph la London. Wapelelezi walimhoji mtunzi wake, Leonard Dawe, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule, wakaona hana hatia. Miaka arobaini baadaye mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alisimulia kwamba mwalimu huyo alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi visanduku vitupu wavijaze maneno, kisha yeye akatunga vidokezo. Maneno yale, alisema, waliyasikia kwa askari waliopiga kambi karibu na shule. Siri za vita tuziache, lakini desturi ile ni nzuri. Mpe mtoto visanduku vitupu, naye ataweka kile kilicho masikioni mwake.

Ndivyo nilivyofanya. Asubuhi iliyofuata nilimwita yule binti mbele ya darasa, nikamwambia nilikosea kumpigia mstari kabla ya kumsikiliza, na nikamrudishia alama yake. Nilimwambia pia kwamba kwenye mtihani ataandika dagaa, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu na sitamdanganya. Akakubali kwa kichwa. Sijui kama aliridhika. Kisha nikagawa karatasi za hesabu zenye visanduku, nikasema kila kundi litunge fumbo lake la Afrika Mashariki, na kila neno lazima lipite katikati ya neno jingine.

Kazi ile imekwenda wiki tatu sasa. Wamegundua wenyewe kwamba maneno yetu mengi huishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kinatabirika na ugumu wote uko mwanzoni. Wamegombana kuhusu kama kitenzi kianze na "ku" au kisianze. Kundi moja limetunga kidokezo cha herufi nne kuhusu wanachama wa Jumuiya mwaka 2007, na jingine cha herufi nne kuhusu mwaka 2024. Kundi la binti wa mvuvi limeandika hivi: "Dagaa, wakifika Rumonge." Visanduku saba, N peke yake na D peke yake. Neno la wima linalopita kwenye L ni ZIWALA, ambalo si neno. Nimewaambia warudie.

Naomba kutoa hoja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili mjini Rumonge.